Sauti Nyuma ya Theluji

Bwana Glenn alipoteza sauti siku nane kabla ya onyesho. Hayakuwa mafua, lilikuwa vumbi. Upepo wa mchanga ulivuma juu ya Riyadh siku mbili mfululizo, mbingu ikageuka rangi ya chai ya maziwa, na daktari huyo wa meno, mwimbaji mkuu wa kikundi, akaamka akitoa mkwaruzo kama bawaba yenye kutu. Alijaribu asali. Alijaribu tangawizi. Ijumaa asubuhi wenzake walipokusanyika kwa mazoezi katika ukumbi wa kampaundi, mtaa wa wageni uliozungushiwa ukuta, alifungua kinywa, akakifunga, akaketi kwenye ngazi za jukwaa na kushika kichwa.

Mlangoni, funguo za basi zikining'inia kidoleni, alikuwa ameketi Zacharia Asava, dereva. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wakazi wa kampaundi madukani na kuwarudisha, na siku za mazoezi kuwangoja waigizaji waliotoka mbali. Alikuwa amewangoja miezi minne. Walikuwa watu wa Kanada, walimu, wauguzi, mke wa mhandisi, na walikuwa wameandaa mchezo wa kuwaenzi watunzi na waimbaji wanne mashuhuri wa nchi yao. Kila mwigizaji alichukua mwimbaji mmoja: kofia yake, koti lake, namna yake ya kushika gitaa. Alisimulia maisha yake kidogo, kisha akaimba. Majina ya waimbaji hao hayakukaa kichwani mwa Zacharia, kwa hiyo aliwapa yake. Kulikuwa na Mzee wa Sauti ya Pangoni. Kulikuwa na Mama wa Gitaa. Aliyeigizwa na Bwana Glenn alimwita Mtu wa Mito, maana nyimbo zake nyingi zilihusu mito inayoganda na watu wanaoivuka kwa miguu kuwafuata wapenzi wao.

Zacharia hajawahi kuona theluji. Hata hivyo, pale mlangoni, kiyoyozi kikimpuliza shingoni, mara nyingi alifumba macho akaiona ikishuka juu ya migomba ya kwao Mbale, nyeupe, bila kelele, ikifunika paa la kanisa ambamo aliimba kwaya tangu ujana. Alipofumbua macho, alishangaa kuona bado yuko Riyadh na viatu vyake vina vumbi.

Sasa Paul, mwalimu aliyepiga piano, alikuwa anaendelea kupiga peke yake, kama mtu aliyekosa la kufanya na mikono. Alipofika ubeti wa pili, Zacharia alianza kuimba. Hakukusudia. Sauti ilimtoka tu, taratibu, kama mtu anayejisemea njiani, na alipotanabahi kuwa ukumbi mzima umemgeukia alikuwa tayari amefika katikati ya wimbo na hakujua namna ya kurudi. Akaumaliza.

"Zach," alisema Madam Doreen, mke wa mhandisi, aliyekuwa mkubwa wa kikundi. "Umejifunzia wapi wimbo huu?"

"Hapa mlangoni, madam."

"Na mingine je?"

"Yote, madam. Samahani."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Bwana Glenn alikuwa amesimama, macho yamemtoka. Paul ndiye aliyesema lile ambalo kila mtu alikuwa analizunguka. Alilisema kwa upole, akitazama vibonyezo vya piano.

"Sauti anayo. Anayo kuliko sisi sote. Lakini uso wa yule mwimbaji unajulikana na kila mtu. Hatuwezi kumsimamisha Zach jukwaani tukasema ndiye. Watu hawatamwelewa."

Walitazama viatu vyao. Zacharia naye alitazama vyake. Madam Doreen alitembea hadi mwisho wa jukwaa akarudi.

"Kutakuwa na pazia," alisema. "Lile jeupe tulilopanga liwe theluji. Zach ataimba nyuma yake na kipaza sauti. Glenn atasimama mbele na kuchezesha midomo." Akamgeukia Zacharia, uso umemwiva. "Najua si jambo la heshima kukuomba. Unaweza kukataa."

"Onyesho ni Jeddah, madam?"

"Jeddah, ndiyo. Ijumaa ijayo."

"Basi nitaimba," alisema Zacharia. Kwa Jeddah angekubali kuimba hata ndani ya pipa.


Mke wake alikuwa Jeddah. Zacharia alitangulia kuja Uarabuni mwezi wa kwanza mwaka 2015, Celestine akafuata mwezi wa saba kufanya kazi za nyumbani. Ajenti wa Nairobi aliwaambia, "Si mtakuwa nchi moja?" nao wakadhani wataonana Ijumaa baada ya kanisa, kama watu wa mitaa miwili. Celestine alipotua aliuliza basi la kwenda Riyadh linapandiwa wapi, na dereva aliyetumwa kumchukua akacheka mpaka akaegesha gari kando. Ni mwendo wa saa kumi. Na mfanyakazi wa ndani hatoki. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu mwaka 2017, na hawajaonana miaka miwili na miezi miwili.

Alasiri ile ile simu iliita. Zacharia alikuwa kitandani katika chumba cha Al-Shumaisi alichokaa na Elly, mlinzi wa ghala, mtu wa Bondo. Elly alikuwa anasonga ugali kwenye jiko la umeme.

"Baba Lydia."

"Mama Lydia. Umekula?"

"Nimekula. Niko juu kwa paa, naanika. Nina dakika kumi."

"Basi sikiliza. Nakuja Jeddah. Ijumaa ijayo."

Shuka zilisikika zikipigwa na upepo.

"Usinichezee, Baba Lydia."

"Sikuchezei." Akamweleza yote, pazia, Bwana Glenn, Mtu wa Mito. Celestine hakucheka pale alipotarajia acheke.

"Sasa utaniona wapi? Mimi sitoki hii nyumba. Nikitoa taka kwa geti madam ananiangalia dirishani."

"Nitatafuta njia."

"Tafuta." Akapumua. "Ameniuliza tena. Anataka jibu kabla mwezi uishe, kama nitaongeza mkataba miaka miwili. Nimemwambia mume wangu ndiye atasema."

"Umesema vizuri."

"Sijasema vizuri. Nimesema hivyo kwa sababu niliogopa kusema mimi mwenyewe. Nataka kwenda nyumbani."

Elly alipunguza kelele za mwiko. Zacharia akageukia ukuta. "Miaka miwili tu, mpenzi. Nyumba imefika juu ya madirisha. Ukirudi sasa tunaezeka na nini?"

"Japheth wetu ananiita anti kwa simu."

"Ni mtoto. Atazoea."

"Atazoea, ndiyo," alisema Celestine. "Atazoea kuniita anti." Halafu akasema anaitwa, na simu ikakatika.

Elly alipakua ugali, akaweka sahani sakafuni. "Buda," alisema, "hayo mambo hayaongelewi kwa simu. Mtu lazima umwone uso."

Na Zacharia alikubaliana naye. Aliamini kwamba wakikaa ana kwa ana, hata kwa muda mfupi, Celestine ataelewa. Usiku na mchana wa siku zilizofuata aliyapanga maneno yake. Angeanza na nyumba, vyumba vitatu, sebule inayotazama bonde. Angemaliza na ada ya Lydia ya sekondari. Alikuwa na hakika, kama mtu anavyokuwa na hakika ndotoni.


Jumatatu alimpeleka Madam Doreen sokoni Al-Dirah kununua kitambaa cha pazia. Katika kijiduka chenye harufu ya kamba mpya na bizari, mwuzaji alikunjua pamba nyeupe, na Madam Doreen akaomba mita arobaini. Mwuzaji alimtazama, akamtazama Zacharia, akauliza kwa Kiarabu.

"Anasema nini?" aliuliza Madam Doreen.

"Anauliza, ni sanda za watu wangapi."

Madam Doreen alishika mdomo. Zacharia akamwambia mwuzaji kwamba si sanda, ni theluji. Mzee yule alifikiri kidogo, akakubali kwa kichwa, akaanza kupima, na kila mita aliyoipima aliipangusa kwa kiganja kana kwamba ni kweli itayeyuka.

Kwenye basi, Zacharia alilishikilia jambo lake mpaka taa nyekundu ya tatu, ndipo akalitoa. Mke wake anafanya kazi Al-Nuzha, kule Jeddah, kwa mama mmoja mfamasia, Madam Hanadi. Mama huyo alisoma Kanada miaka mitano. Celestine humsikia akipika huku akiimba nyimbo za huko.

"Ungependa nimpelekee mwaliko," alisema Madam Doreen.

"Ndiyo, madam."

"Nitampelekea. Lakini Zach, siwezi kumwandikia mtu nisiyemjua nikamwambia amlete mfanyakazi wake."

"Hakuna haja, madam. Ana watoto watatu. Hawezi kwenda popote bila Celestine."

Madam Doreen aligeukia dirisha, kisha akatoa kalamu na kuandika jina la mama huyo nyuma ya risiti ya kitambaa.


Waigizaji walienda Jeddah kwa ndege. Tiketi zilikuwa zimenunuliwa zamani, na tena vyombo vilihitaji mtu. Kwa hiyo mwimbaji wa nyimbo za Mtu wa Mito alikwenda kwa barabara, akiendesha basi lililojaa magitaa, piano ya umeme, masanduku ya taa na mita arobaini za theluji zilizokunjwa kwenye kiti cha nyuma kama abiria aliyelala.

Aliondoka Alhamisi jua likichomoza. Nje ya mji jangwa lilikuwa limefunikwa na ukungu mwembamba, jambo la nadra, na barabara ilipotelea ndani ya weupe huo, mbele na nyuma. Ngamia watatu walitokea kando, wakasimama, wakafutika. Zacharia aliviimbia viti vitupu. Aliimba wimbo wa mtu anayevuka mto ulioganda akisikia barafu ikilia chini ya miguu yake, bila kujua kama itamhimili mpaka ng'ambo. Alipofika mwisho aliuanza upya. Saa zilipita kama zinavyopita kwa mtu mwenye homa, ndefu zikiwa zinakuja, fupi zikishapita. Milima ya Taif ilipoonekana upande wa mbele, bluu na nyepesi, hakukumbuka kituo hata kimoja alichosimama.

Kesho yake adhuhuri, ukumbini, alikuta karatasi za ratiba zimewekwa juu ya viti. Alisoma moja. Kulikuwa na jina la Glenn, jina la Paul, jina la aliyeshona makoti. Lake lilikuwa chini kabisa, mbele ya neno Usafiri. Aliirudisha karatasi palepale alipoitoa, akainyoosha pembe.


Ulikuwa ukumbi wa shule, na onyesho lilianza baada ya sala ya alasiri, mapema, ili watu walete watoto. Walijaa wazungu, na wanawake wa Jeddah waliosoma Kanada enzi za usichana wao, wakisalimiana kwa mabusu na vicheko vya shule. Pazia jeupe lilining'inia kutoka juu hadi sakafuni. Taa za bluu zilipowashwa, hata wale waliolishona walinyamaza. Lilikuwa theluji hasa.

Zacharia alisimama nyuma yake juu ya kreti, kipaza sauti mkononi. Palikuwa na mshono uliofumuka kidogo, usawa wa jicho. Alichungulia. Alipita safu kwa safu akimtafuta Celestine. Alimwona mwanamke mnene aliyesimama ukutani, siye. Alimwona mmoja mrefu, siye. Karibu na mlango wa nyuma alisimama yaya mwembamba mwenye gauni la kijivu na kitambaa kichwani, mtoto amemlalia begani, na macho ya Zacharia yakampita mara mbili. Mara ya tatu yule yaya alimhamisha mtoto toka nyonga moja hadi nyingine, na katika kumhamisha akainua kidevu kidogo, kama anayemjibu mtu kwa kiburi. Zacharia akamjua kwa kidevu.

Aliyekuwa akimkumbuka alikuwa na mashavu.

Piano ilianza. Mbele ya pazia Bwana Glenn alipiga hatua moja, kofia imeinamishwa, akafungua kinywa. Nyuma ya pazia Zacharia akaimba. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote mbili, ikaenda mpaka ukuta wa nyuma, na Zacharia akaona inavyofika. Celestine aliinua kichwa. Alimtazama mzungu yule. Alitazama dari. Alitazama spika ya kushoto, ya kulia, kama mtu anayetafuta mahali bomba linapovuja. Kisha macho yake yakatua juu ya kitambaa cheupe, palepale kwenye mshono, yakakaa.

Akacheka. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake, mabega yakimtikisika, mtoto akitikisika naye, kwa kumwona mzungu mwenye mvi akitokwa na sauti ya Baba Lydia. Zacharia alikaribia kupoteza ubeti. Hakuwa amemwona akicheka tangu uwanja wa ndege wa Nairobi. Binti wa miaka sita aliyekuwa kando alimvuta gauni, na Celestine akainama akamnong'oneza kitu sikioni.

Nyimbo za Mtu wa Mito zilikuwa tano. Aliziimba zote akitazama tundu lile. Baadaye hakuweza kueleza alikuwa wapi muda huo. Alimwambia Elly tu kwamba hapakuwa na Riyadh wala Jeddah.


Watu walisimama wakapiga makofi. Bwana Glenn aliinama mara tatu, kila mara akigeuka kidogo kulionyesha pazia kwa mkono, lakini watu walidhani anaisifu theluji.

Zacharia alikuwa ameshuka kwenye kreti, anakunja nyaya, Madam Hanadi alipopanda jukwaani na wenzake wa chuo. Alikuwa mwanamke mrefu, macho yamemlowa kwa nyimbo za ujana wake. Nyuma yake alifuata Celestine na watoto watatu.

"Nimelia," Madam Hanadi alimwambia Bwana Glenn kwa Kiingereza. "Nimejiona niko chumbani kwangu kule, dirisha limeganda."

Binti wa miaka sita akadakia kwa sauti kubwa, "Mama, Selestini anasema huyu ndiye mume wake!"

Wanawake walicheka. Mmoja alimpapasa mtoto kichwani. Celestine alitazama sakafu. Bwana Glenn akawa mwekundu mpaka masikioni, akafungua kinywa kujibu, na ule mkwaruzo wa bawaba ukatoka: "Ni kweli. Si mimi. Ni yule pale."

Kicheko kilikatika. Wote waligeuka. Zacharia alisimama wima na nyaya zake mkononi, asijue aziweke wapi.

Madam Hanadi alimtazama yeye, akamtazama Celestine, akarudi kwake. Alikuwa kama mtu aliyegundua chumba katika nyumba yake mwenyewe. "Huyu?"

"Ndiye, madam," alisema Celestine.

"Hamjaonana tangu lini?"

Celestine alimwambia. Madam Hanadi akamchukua mtoto mdogo kutoka begani kwake. Lilikuwa jambo dogo, lakini mikono ya Celestine ilibaki imekunjwa vilevile, haijui kwamba haina mtu. "Mimi nitakunywa kahawa na hawa," alisema. "Nusu saa. Yalla, nendeni."


Hapakuwa na pa kwenda ila basini. Zacharia alimfungulia mlango kama abiria. Walikaa kiti cha pili, bega kwa bega, wakitazama mbele, kupitia kioo, ukuta wa shule na mabogenvilia.

"Umekonda," alisema Zacharia.

"Na wewe umenenepa."

"Ni kukaa kwa usukani."

"Ule wimbo wa barafu," alisema Celestine, "alifika ng'ambo?"

"Nani?"

"Yule mtu."

"Wimbo hausemi."

Celestine aliguna. Alinukia sabuni ya sakafu, na chini yake, mbali, harufu yake mwenyewe. Zacharia alimshika mkono na kuukuta mkavu, umepasuka kwenye viungo vya vidole kama ardhi ya kiangazi. Alijua muda unakwenda. Akaanza kama alivyopanga.

"Mama Lydia, kuhusu nyumba. Nilikuwa nafikiri, hivi vyumba vitatu, na sebule tuielekeze kule bondeni. Ukiongeza hii miaka miwili, si mingi, unajua, ukihesabu—"

Kitu kizito kilimwangukia begani. Akageuka. Celestine alikuwa amelala.

Hakuwa amesinzia. Alikuwa amelala kabisa, kinywa wazi kidogo, kama mtu aliyedondoka kisimani. Dakika tano alikuwa ameketi mahali ambapo hapana anayemwita, na mwili wake haukungoja ruhusa. Zacharia alinyanyua mkono amwamshe. Dakika ishirini na kitu ndizo zilizobaki, na yeye hajasema hata nusu. Kisha akaona mikono yake. Imelala mapajani, na vidole vinakwenda. Vinakunja, vinakamua, vinakunjua, vinapangusa. Celestine alikuwa usingizini na mikono yake iko kazini.

Aliweka viganja vyake juu ya mikono ile. Vidole vilipapatika chini yake kwa muda, kama ndege, vikapunguza, vikatulia. Akaishikilia hivyo. Petali moja ya bogenvilia ilianguka kwenye kioo cha mbele. Yale maneno yote, vyumba, sebule, ada, yalikuwa bado kichwani mwake, yamepangwa vizuri, na hakuweza kukumbuka yalikuwa ya kumwambia nani.

Kioo kiligongwa. Madam Hanadi alikuwa nje, mtoto mkononi, wenzake wamesimama mbali kidogo. Zacharia aliteremsha dirisha kwa mkono mmoja.

"Amelala?" aliuliza Madam Hanadi kwa mshangao.

"Ndiyo, madam."

Akashusha sauti. "Vizuri kwamba nimekupata, baba. Ameniambia wewe ndiye utakayeamua. Nataka akae miaka miwili mingine. Watoto wangu wamemzoea, huyu mdogo halali bila yeye. Nitamwongezea mshahara. Mwambie akubali, halas, tumalize."

Wiki nzima Zacharia alikuwa ameitamani nafasi hii. Alimtazama mtoto aliyekuwa begani mwa mama yake, akimnyooshea Celestine mkono kupitia dirisha.

"Madam, Celestine anarudi nyumbani mwezi wa saba."

Madam Hanadi aliushusha mkono wa mtoto kutoka dirishani.

"Nimemtendea vibaya?" aliuliza Madam Hanadi. Haikuwa hasira bado. "Anakula tunachokula. Simu anayo. Sijawahi kumpiga."

"Sijasema hivyo, madam. Ahsante kwa hayo."

"Basi nini?"

"Amechoka."

"Mimi pia nimechoka. Nani hajachoka?"

"Ndiyo, madam. Lakini nyumbani ana wawili wake, na wameanza kumsahau."

Alihisi bega likiwa jepesi. Celestine alikuwa ameamka. Hakujua tangu lini. Aliketi wima, akafunga kitambaa chake upya, akapangusa kona ya mdomo. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza siku ile, usoni kabisa.

"Yalla, Selestini," alisema Madam Hanadi kwa sauti kavu. "Watoto wana njaa."

Celestine alishuka. Hawakukumbatiana, watu walikuwa wanatazama. Alimpokea mtoto, akamweka nyongani, akatembea kuelekea gari, na Zacharia akamwona akiinua kidevu.


Siku nne simu haikuita. Zacharia aliendesha basi hivyo hivyo, madukani, shuleni, getini, akili iko Al-Nuzha. Alijua karatasi ya kuondoka husainiwa na kafili, yaani mwajiri mdhamini, na kafili ni mume wa Madam Hanadi. Akikataa, hakuna wa kumlazimisha kwa haraka. Elly alimwambia kwamba ameivunja nyumba ya vyumba vitatu kwa sentensi moja. "Ningekuwa mimi ningemwambia madam ngoja tutafikiria," alisema. "Lakini wewe si mimi." Halafu akampikia chai bila kuombwa.

Siku ya tano Celestine alipiga. Madam alinuna siku mbili. Ya tatu alifoka kwa ajili ya glasi iliyovunjika. Ya nne alikuja jikoni, akakaa kwenye stuli, akamwuliza watoto wake wanaitwa nani. Hakuwahi kuuliza. "Nikamwambia Lydia na Japheth. Akasema atamwambia mumewe asaini."

Alisaini, ingawa ilichukua muda na kukumbushwa mara nyingi. Mwisho wa mwezi wa saba Celestine aliondoka Jeddah. Zacharia hakupewa ruhusa ya kwenda uwanja wa ndege. Siku hiyo aliosha basi mara mbili.

Wikendi moja ya mwezi wa tisa alikuwa ameegesha nje ya duka kubwa, akiwangoja wanawake wa kampaundi, simu ilipoita. Nyuma ya sauti ya Celestine kulikuwa na mvua na mtoto aliyekuwa akiimba ovyo.

"Nimeezeka chumba kimoja," alisema. "Mabati yamefika, fundi Onesmus amemaliza jana. Tumehamia."

"Umehamia? Nyumba haina plasta! Haina madirisha! Mbona hukuniuliza?"

"Nikuulize wewe uko hapa?" Sauti yake ilipanda. "Nilale kwa mama mpaka lini? Umeona hii mvua? Unajua bei ya saruji wewe? Na hiyo sebule yako ya kuangalia bondeni, upepo wote unatoka bondeni, Baba Lydia, ni nani alikudanganya sebule inaangalia bondeni?"

Aliendelea. Alikuwa na mengi. Zacharia aliliegemea basi, simu imebana sikioni, asijue anajitetea kwa lipi kwanza, na uso wake ulikuwa unacheka wenyewe. Madam Doreen alitoka dukani na mifuko yake, akasimama mbele yake, akangoja afunguliwe mlango.

"Ngoja kidogo, madam," alisema Zacharia. "Mke wangu ananigombeza."